Tosta ya Enock na Kandambili Zangu

Jumapili, 2 Novemba 1997

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa nyumba hii, yaani mimi Simoni, mke wangu Dorika, na kuku kumi na wanane ambao kwa sasa ndio wenye kipato, kwamba leo saa kumi alasiri imewasili tosta. Mapokezi yalifana. Jogoo aliwika. Mke wangu aliitazama juu na chini, akauliza, "Hiyo redio mbona haina mahali pa kaseti?"

Ameileta Enock, mtoto wa mama yangu mdogo. Boksi lina picha ya mama wa Kizungu anauchekea mkate. Mimi mtu wa kuuchekea mkate namna ile nilimwona mara ya mwisho mwaka 1983, siku mkate ulipopatikana.

Enock anasema kuna tosta za bei poa Dar es Salaam, na anataka kuleta sitini kabla ya Krismasi. "Lakini kaka," akaniambia, "mimi watu wa hapa Singida hawaniamini. Wewe wanakuamini. Kaa nayo mwezi mzima, ioneni na shemeji. Ukisema inafaa, naleta. Na zikija, anayesimama kaunta ni wewe."

Naomba nieleze hiyo kaunta, maana daftari hili likija kusomwa na mjukuu atadhani babu yake alikuwa na wazimu wa mbao. Nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la umma miaka ishirini na moja. Kaunta ya mninga, imelainishwa na viwiko vya watu waliosubiri sukari. Kazi yangu ilikuwa kuuza, lakini kazi ambayo watu walinijia ni kuambiwa. Nilikuwa nalijaza maji kila sufuria kabla halijauzwa, mara mbili, nikiangalia kitako. "Simoni akisema halivuji, halivuji." Nimesikia hayo kanisani, nimeyasikia msibani. Mwaka 1994 duka likafungwa, wakasema ni soko huria, kila mtu sasa ajiuzie. Mimi sikuwa na cha kujiuzia. Jengo Enock amelikodi tangu Pasaka, na kaunta imo mle mle.

Kwa hiyo mwezi huu ninachopima ni mashine ya kuchoma mkate. Na mashine inanipima mimi.

Jumatatu, 3 Novemba

Jaribio la kwanza. Plagi ina miguu miwili na ukuta wangu una matundu matatu, lakini hilo halimshindi Mtanzania: unachomeka kijiti cha kiberiti tundu la juu, vile vimlango vya chini vinafunguka, unasukuma. Tumeiweka sebuleni, maana jikoni kwetu ni nje na umeme haujafika.

Shida ikawa mkate. Mkate wa hapa kwetu hauji umekatwa, unakatwa na mwenye kisu, na mimi nilikata kama mtu aliyeunyimwa muda mrefu. Slesi ziliingia kwa kusukumwa, zikagoma kutoka. Moshi ukajaa sebule. Nilikuwa nakwenda na uma kuzichokonoa, Dorika akachomoa waya ukutani kwanza, kama anavyomnyang'anya mtoto wembe.

"Miaka ishirini kaunta," akasema, "na mkate umekushinda."

Alhamisi, 6 Novemba

Tosta ina kitufe cha kuzungusha chenye namba za ukali wa moto. Namba mbili mkate unapata joto tu. Namba tatu unafanana rangi na ng'ombe wa baba mkwe. Namba tano ni mkaa.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya ibada alikuja Rahabu. Huyu ni wa kijijini kwao Dorika, Ilongero. Wamekua pamoja, anamwita dada, nami ni shemeji yake, kwa hiyo ana ruhusa ya kunivunjia heshima. Mume alifariki, ana watoto watatu, anauza chai na mkate kwenye kibanda karibu na standi.

Alivua viatu mlangoni kama watu wote, akaniangalia miguuni. "Shikamoo shemeji. Bado tu unatembea na kandambili ndani ya nyumba? Utazikwa nazo."

"Marahaba. Ukisimama kwenye sakafu ya duka miaka ishirini, na wewe miguu yako itakataa saruji."

"Mimi nasimama kwenye udongo, siugui miguu. Naugua wateja."

Nikamchomea slesi mbili, namba tatu, siagi juu. Alitafuna akiwa amefumba macho. Kisha akawa anapiga hesabu zake za kibanda, nikamwona. Akasema wasafiri wa basi la asubuhi wanapenda kitu cha moto, na viazi wamevichoka. "Shemeji, mimi sijui mambo ya umeme. Wewe ukisema ndiyo, nanunua. Ukisema hapana, nabaki na viazi vyangu."

Nikamwambia asubiri mwezi uishe. Nilijisikia mtu. Tangu 1994 hakuna aliyenisubiri mimi kwa jambo lolote.

Ijumaa, 14 Novemba

Hatukuwa na mkate, nikajaribu kiporo cha ugali. Nilikikata vipande vyembamba kama vitabu vya sala. Ugali wa uwele ulipukutika wote ndani. Wa mahindi ulisimama vizuri, ukatoka na ganda, na Dorika, ambaye hajasifu kitu changu tangu mtoto wa mwisho, alikula vinne. Tulicheka. Amesema tukimwambia mama yake kwamba tunachoma ugali kwa umeme atadai ng'ombe waongezwe.

Naandika kwenye ripoti ya Enock: inafaa kwa kiporo.

Alhamisi, 20 Novemba

Mkate hakuna. Mawingu mengi upande wa ziwani.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua imeanza, na si ya kawaida. Redio inasema ni hiyo El Nino. Maji yamepita chini ya mlango, sakafu ya sebule imelowa kama imetoka jasho.

Jumanne, 25 Novemba

Asubuhi nikiwa chumbani nilisikia Dorika analia kwa sauti, kisha kikombe kinavunjika. Nikatoka. Amesimama katikati ya sebule ameshika bega.

"Imenipiga."

"Nani?"

"Hiyo tosta yako. Nimegusa ubavuni, ikanipiga mpaka kwenye bega."

Nikaenda nikaishika ubavuni. Kimya. Nikaishika juu, chini, kwa mikono miwili, kama mganga anayeshika mgonjwa. Hakuna kitu. Nikamwambia, mama Jenifa, tosta inatambua nani anaipenda. Sikupaswa kusema hivyo, lakini nilishasema. Aliokota vipande vya kikombe chake, akaenda kuwafungulia kuku.

Katika ripoti nimeandika: nimeshika mara tatu, iko salama.

Jumatano, 26 Novemba

Dorika amechoma mkate wake kwenye jiko la mkaa. Nimechoma wangu kwenye tosta. Tumekula tukiangalia mvua.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua imenyesha. Tosta nzima.

Jumapili, 30 Novemba

Enock alikuja baada ya kanisa, akaja na watu watano hivi, wote wanaotaka kusikia. Mzigo umeshafika. Hakusubiri mwezi uishe. Alisema bei ilikuwa inapanda, akalipia.

"Haya kaka, hukumu."

Nikasema nimeitumia mwezi mzima nyumbani kwangu, imechoma mkate, imechoma ugali, wakacheka. Nikasema slesi zikatwe nyembamba. Nikasema namba tatu inatosha. Mzee mmoja akauliza, "Simoni, kwa hiyo inafaa?" Nikasema inafaa.

Dorika alikuwa anamimina chai. Aliliweka birika mezani, akatoka nje. Baadaye nilimkuta bandani kwa kuku, anahesabu mayai ambayo tulikuwa tumeyahesabu asubuhi.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimesimama kaunta. Kwenye kona ya kushoto bado kuna alama ya kisu niliyoiweka siku nilipoajiriwa. Nimeipapasa mchana kutwa kama mtu mwenye jino bovu.

Jumatatu, 8 Desemba

Tosta kumi na nne zimeondoka. Kila mnunuzi namwambia, "Na ukiwa unaitumia, vaa kandambili." Wanacheka, wanadhani ni utani wangu wa zamani. Leo Enock ameniita pembeni.

"Kaka, unauza tosta au unauza kandambili?"

"Ni tahadhari tu. Mvua nyingi, sakafu zimelowa."

"Wakisikia tahadhari wanasikia kasoro. Wewe umeshasema inafaa. Sasa usiwe tena unajibu swali ambalo hawajauliza."

Nimeacha. Mtu mzima niliyemfundisha Enock kufunga kamba za viatu, nikafundishwa kufunga mdomo.

Alhamisi, 11 Desemba

Leo amekuja Rahabu. Amekuja saa tano, matope mpaka magotini, viatu mkononi ili visiharibike. Akaweka kiwiko kaunta.

"Shikamoo shemeji. Sasa umerudi kwenye kiti chako. Hata tumbo limeanza kurudi."

"Marahaba. Tumbo halikuondoka, lilikuwa limejificha."

"Nipe basi hiyo ya ugali."

Nikauliza kibanda chake kina umeme. Akasema jirani wa duka la dawa amemvutia waya. Nikauliza sakafu. Akasema, "Sakafu ya nini tena, unataka kunijengea? Ni udongo ule ule." Nilitaka kusema jambo. Wateja watatu walikuwa nyuma yake, na Enock alikuwa amekaa kwenye ngazi anahesabu maboksi, ameacha kuhesabu. Nikalifunga boksi kwa kamba, mafundo mawili, nikamwambia akate slesi nyembamba.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

Aliondoka nalo kichwani, pekupeku, kwenye mvua.

Jumatano, 17 Desemba

Umeme umekatika tangu juzi, nguzo zimeanguka. Nimelala usingizi mzuri siku tatu mfululizo.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Wageni wakauliza ile tosta maarufu iko wapi tuchomewe mkate. Ipo juu ya kabati, Dorika ameifunga kitambaa. Akawaambia imeharibika. Wakanigeukia mimi. Nikasema ndiyo, imeharibika kidogo, wakacheka wakasema fundi wa tosta ameshindwa na tosta. Nilicheka nao. Dorika hakucheka. Tumekula pilau.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Mvua. Mtama wa watu bondeni umeoza ukiwa umesimama.

Jumanne, 6 Januari

Nitaandika lote, mkono ukikataa nitaanza upya.

Saa mbili kasoro asubuhi nilikuwa nafagia maji dukani. Akaja Febronia, yule mama anayeuza maandazi mkabala na Rahabu, anakimbia ameshika kanga. Hakusalimu, na Febronia ni mtu wa kusalimu hata mbuzi. "Baba Jenifa, Rahabu ameshikwa na umeme."

Nilikimbia. Kandambili moja ilibaki kwenye matope ya standi, sikuirudia.

Febronia alinisimulia tukiwa njiani na baadaye tena pale. Ni mwezi wa Ramadhani, wateja wa chai ni wachache, kibandani alikuwepo dereva mmoja tu wa lori la alizeti. Usiku mvua ilikuwa imeingia, udongo ni tope. Rahabu alikuwa pekupeku kama siku zote. Ameweka slesi, amebonyeza, slesi moja ikakaa upande, akaishika tosta ubavuni kwa mkono wa kulia ili aitikise. Dereva anasema hakupiga kelele. Alisimama tu anatetemeka, macho yako wazi, na mkono haukuachia. Dereva alidhani ni kifafa. Aliponusa nyama ndipo alipojua. Akachukua stuli ya mbao akaupiga waya mpaka ukachomoka ukutani.

Nilipofika walikuwa wamemlaza kwenye benchi. Alikuwa anapumua. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha meza, sikuomba kuuona. Tosta ilikuwa chini kwenye tope, na slesi moja bado imo ndani, namba tatu, imeiva vizuri.

Dereva akauliza watu, "Haya madude ameyaleta nani?" Hakuna aliyejibu. Watu wa pale wananiheshimu.

Tulimpeleka hospitali kwenye lori lake.

Jumatano, 7 Januari

Dorika amelala hospitali kwa Rahabu. Kuku wamelishwa na mimi.

Alhamisi, 8 Januari

Nimekwenda kumwona. Nilibeba mkate, kwa sababu hapa kwetu mgonjwa anapelekewa mkate, na miguu ilishafika dukani kabla kichwa hakijauliza ni mkate wa nini. Niliingia wodini nimeushika kama mtu aliyeiba.

Wamemkata vidole viwili, cha shahada na cha kati. Kiganja hawajajua bado. Dorika alikuwa amekaa upande wa ukuta anamlisha uji kwa kijiko.

Rahabu akasema, "Shikamoo shemeji. Umeniletea mkate. Umechomwa?"

Akatabasamu.

Akaendelea taratibu, kwa sababu ya dawa. "Febronia anasema watu standi wanakusema. Nimemwambia awanyamazishe. Shemeji hakujua. Nakujua mimi. Wewe ungejua, ungeniambia."

Kijiko cha Dorika kilisimama hewani. Kisha kikaendelea.

Jumamosi, 10 Januari

Enock hakuja dukani siku tatu, leo amekuja. Amesema amesikitika, ametuma sukari hospitali, na nadhani kweli amesikitika, si mtu mbaya, ni mtu mwenye mzigo. Zimebaki tosta thelathini na nane. Amesema Singida hapa sasa hazitatoka, lakini Manyoni hawajasikia. Itigi ndiyo kabisa.

"Kaka, panda nazo Jumatatu. Manyoni wanakufahamu, wengi walikuwa wanakuja kununua kwako enzi zile. Maneno machache tu, kama yale ya Novemba. Na ukitaka waambie hizo kandambili, waambie."

Niliuliza, "Na nikikataa?"

Akaangalia kaunta. Hakunitishia, nimwandikie haki yake. Alisema tu, "Kuna kijana yuko Mkiwa anajua kuuza."

Nilifunga duka jioni, nikampa ufunguo mkononi. Alidhani nampa ashike mpaka Jumatatu.

Nyumbani Dorika akauliza, "Utaenda Manyoni?" Tangu Novemba hiyo ndiyo mara ya kwanza ananiuliza jambo lisilohusu kuku.

"Siendi."

"Na zile watu walizokwisha kununua hapa?"

Jumatatu, 12 Januari

Nyumba tano. Mvua. Nawakumbuka wanunuzi wote kwa sura, hicho ndicho kipaji pekee nilichobaki nacho. Ninawaambia waache kuitumia.

Jumatano, 14 Januari

Nyumba sita. Mmoja alikwisha kuipeleka kwa binti yake Iramba, ameahidi kutuma barua. Mama mmoja, mke wa mwalimu, alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha. Akauliza, "Si wewe ulituambia inafaa?" Nikasema ndiyo. "Na sasa unasema haifai." Nikasema ndiyo. "Kwa hiyo tukuamini siku gani, mzee wangu?"

Alikuwa anauliza tu. Hata hakuwa na hasira.

Ijumaa, 16 Januari

Nyumba zilizobaki, isipokuwa hiyo ya Iramba. Kwa jumla wanne walisema iliwahi kuwapiga. Wote ni wanawake. Wote walikuwa wameambiwa na waume zao kwamba ni mawazo yao. Niliwauliza wale waume walikuwa wamevaa nini miguuni. Wawili walikuwa na viatu, wawili kandambili.

Jumapili, 18 Januari

Rahabu ametoka hospitali juzi. Leo mchana nimekwenda kwake, peke yangu. Nilichukua mkate.

Alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa mpaka kiwiko, anajifunza kumenya kiazi kwa kushoto. Kisu kilikuwa kinamteleza. Akataka kuniinukia, nikamwomba asinyanyuke. Nikamwambia ninalo la kusema na asinijibu mpaka niishe. Nilisema. Lilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa.

Akauliza, "Siku gani?"

"Tarehe ishirini na nane Novemba. Ijumaa."

"Na mimi nilikuja kununua lini?"

"Kumi na moja Desemba."

Akahesabu kwa vidole, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia hautoshi tena. Alirudia vile vile vitano mara mbili na nusu. "Siku kumi na tatu," akasema. "Nilikuuliza: ndiyo hivyo tu? Ukasema ndiyo hivyo tu."

"Nilisema."

Akauchukua mkate niliouweka kwenye mkeka kando yake, akanirudishia. Nimeishi miaka hamsini na moja, sijapata kuona mtu wa kwetu, hata mwenye ugomvi wa shamba, akimrudishia mgeni mkate. Hakunitukana. Hakuniita shemeji. Alisema, "Nenda nao, baba Jenifa," akaokota kisu.

Nimerudi nao nyumbani. Dorika ameuona, amejua. Ameuweka mezani, haujakatwa, na yeye amekwenda Ilongero kumsaidia Rahabu kupeleka watoto kwa bibi yao. Hakusema anarudi lini, na sikuuliza.

Sasa niandike lile nililomwambia Rahabu, maana daftari hili lina siku moja ya uongo.

Tarehe 28 Novemba Dorika alikuwa sokoni na mayai. Nilikuwa peke yangu, mvua inanyesha, maji yamepita chini ya mlango. Nilikuwa nimeshaandika siku tatu kabla kwamba tosta iko salama, lakini kile kikombe kilichovunjika kilikuwa kinanisumbua. Dorika si mtu wa kuvunja kikombe. Nikajiuliza mimi na yeye tunatofautiana nini mbele ya tosta, nikaangalia chini, nikaona kandambili zangu. Za mpira. Nyumba nzima ni mimi tu ninayezivaa ndani.

Nikazivua. Nikasimama pale aliposimama yeye, kwenye unyevu. Nikabonyeza, nikaigusa ubavuni.

Ilinipiga mpaka kwenye meno. Nilijikuta nimekaa chini, mkono wa kulia sio wangu. Nilipopata pumzi niliinuka nikaigusa tena kwa kidole kimoja, kwa sababu mimi ni mtu wa kujaribu sufuria mara mbili. Ikanipiga tena. Basi nikawa najua, kama ninavyojua jina langu, na nikajua pia kwamba Enock anasubiri neno langu, na kwamba mimi nikisema hapana nitabaki na kuku wa mke wangu mpaka kufa.

Dorika alirudi. Akaniangalia usoni, kisha akaniangalia miguuni. "Umevua kandambili," akasema.

Nikasema zimelowa.

Alisubiri. Alisubiri muda mrefu, na kapu la mayai bado liko kichwani. Kisha akapita, akaenda jikoni. Na mimi nikavaa kandambili zangu, nikaja hapa mezani, nikafungua daftari, nikaandika yale maneno manne.